Ukurasa wa Pole na Kazi

Chizuru Hirabayashi aliishi kwa kuwavisha watu kilemba cha ukoka, na alilipwa vizuri kwa kazi hiyo. Kadi yake ilisema Meneja wa Mawasiliano ya Ndani, Kampuni ya Pampu ya Hoshikubo, Nagaoka. Watu wa nje walipomwuliza maana yake nini, alijibu kwa tabasamu la kukodi kwamba yeye ni daraja kati ya uongozi na wafanyakazi. Daraja gani! Kwa miaka ishirini na sita maneno yalivuka upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini, na yalipofika chini yalikuwa yameshafuliwa na kupigwa pasi, hayana tena harufu ya mtu.

Aliingia Hoshikubo akiwa na miaka ishirini, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka chai. Siku ileile waliajiriwa wasichana kumi na mmoja, wakapigwa picha moja wakiwa wamevaa sare mpya zinazowawasha shingoni. Wenza wa mwaka mmoja kazini, kwa watu wale, ni kama wari waliochezwa unyago pamoja: mnaweza kutofautiana vyeo, lakini hamwezi kujifanya hamjuani. Kufikia mwaka huu ninaousimulia, tisa walikuwa wameshaolewa na kuondoka. Walibaki wawili. Chizuru alikuwa ghorofa ya tatu na meza yake kando ya dirisha. Kimie Sonoda alikuwa chini kiwandani, akifunga zile pampu zinazovuta maji ya ardhini kuyarushia barabarani ili theluji iyeyuke, maji yaliyoufanya mji mzima uwe na rangi ya kutu.

Kilichomtoa Chizuru kwenye chai ni mwandiko wake mzuri. Walimkabidhi jarida la kampuni, Chemchemi Yetu, kurasa kumi na sita kila mwezi, linalotumwa kwa posta hadi nyumbani kwa kila mfanyakazi ili mke na mama mkwe nao wajivune. Humo ndimo alimojifunza ufundi wake. Mashine ilipokata kidole cha mtu, aliandika kwamba kumetokea jambo lililotukumbusha umuhimu wa usalama. Bakshishi ya mwisho wa mwaka ilipopunguzwa, aliandika kwamba ni mwaka wa kukaza mkanda pamoja, na juma hilohilo rais wa kampuni, Mzee Hoshikubo, alikuja na gari jipya. Salamu za mwaka mpya za rais alikuwa akiziandika yeye. Shukrani za wafanyakazi kwa salamu hizo aliziandika yeye vilevile. Alijiandikia na kujijibu kama mwendawazimu, isipokuwa mwendawazimu hapandishwi cheo.

Ukurasa wa kumi na nne ndio uliopendwa kuliko yote. Uliitwa Pole na Kazi. Palikuwa na picha ya anayeondoka, na chini yake mistari michache ya kushukuru, eti kwa maneno yake mwenyewe. Jarida likishatoka Ijumaa, basi Jumatatu asubuhi kwenye mkutano wa kiwandani anayeondoka anapewa shada la maua, anasema maneno mawili, watu wanapiga makofi, mambo yamekwisha. Hajawahi kuonekana mtu aliyetokea kwenye ukurasa wa kumi na nne halafu Jumanne akarudi kazini.

Mwezi wa kwanza, theluji ikiwa imefika madirishani, Chizuru aliitwa na Munakata, mkurugenzi wa utumishi. Huyu Munakata alikuwa na tabia ya kunyonya meno baada ya kula, na alikula saa zote, kachumbari ya figili iliyochacha ambayo mkewe alimfungia kwenye kibweta. Ofisi yake ilinuka kama kapu la nguo za wiki nzima. Chizuru alikuwa amezoea kuvuta pumzi kwa mdomo akiingia mle.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Miji ilikuwa inanunua pampu chache kuliko zamani, na watu arobaini wa kiwandani walitakiwa "kujitolea kuondoka". Thelathini na tisa walisaini. Kimie Sonoda alikataa. Kumfukuza bila kosa sheria hairuhusu, kwa hiyo tangu mwezi wa kumi na moja walimtoa kwenye pampu wakamweka katika chumba cha mwisho ghorofa ya pili, meza moja, kiti kimoja, dirisha hakuna, simu hakuna. Kazi yake ilikuwa kunakili kanuni za kampuni kwa mkono. Akimaliza, aanze upya. Na kila jioni Munakata alimpelekea fomu na kalamu.

"Kaa, Bi Hirabayashi," Munakata alisema. "Toleo la mwezi wa pili, ukurasa wa kumi na nne, tunamuaga Mama Sonoda."

"Ameshasaini?"

"Atasaini."

"Kwa hiyo bado, bosi."

"Ala! Unanihoji kama polisi? Hebu fikiri. Picha imeshatoka. Maua yameshanunuliwa. Watu wameshampigia makofi. Atabaki hapa kwa uso gani? Yule mtu mzima, ana haya zake. Haya itafanya kile ambacho sheria inanikatalia mimi." Akanyonya jino. "Mwandikie vitamu. Cha kulia kidogo, cha kucheka kidogo. Nyinyi ni wenza wa mwaka mmoja, unamjua hadi vidole vya miguu. Wewe ndiye mpishi wetu bwana, au sivyo?"

"Sawa, bosi," Chizuru alisema, kwa kuwa mdomo ule haukuwa na jibu jingine lililowahi kufanyiwa mazoezi.

Alikwenda msalani akanawa mikono mara tatu. Hakuwa ameshika kitu chochote. Kilichomchefua si Munakata peke yake. Kunguni huwezi kumlaumu kwa kunuka. Kilichomchefua ni kwamba alipokuwa bado amekaa pale mbele ya figili zile, sentensi ya kwanza ilikuwa imeshajitunga yenyewe kichwani mwake. *Miaka ishirini na sita imepita kama ndoto ya mchana.* Ilikuwa sentensi nzuri. Alitamani kuitapika.

Saa ya chakula akashuka ghorofa ya pili. Kimie alikuwa anakula tonge la wali lililoviringwa kwa mwani, kiwiko kimekaa juu ya kanuni za kampuni, na vidole vyake vilivyozoea spana vimepakaa wino.

"Lo! Mheshimiwa wa ghorofa ya tatu!" alisema. "Umepotea njia ya choo?"

"Nimekuja kukuona, Kimie."

"Niangalie basi. Kutazama ni bure."

"Unaendeleaje?"

"Kifungu cha arobaini na mbili: mfanyakazi atawatendea wenzake kwa heshima. Nimekiandika mara kumi na tisa. Nikiandika mara ishirini huenda kitakuwa kweli."

Chizuru alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Lakini kwa nini usisaini tu, dada, ukapumzika? Wanakutesa."

Kimie alimeza tonge kwanza. "Nikisaini nimesema nilitaka. Sikutaka. Kama wananifukuza, wanifukuze, waandike kwamba wamenifukuza. Hawa hawataki kazi yangu tu, Chizuru. Wanataka na asante juu yake."

Hapo ndipo Chizuru alipotakiwa kumwambia habari ya ukurasa wa kumi na nne. Alifungua mdomo. Kilichotoka ni: "Basi ule vizuri, baridi imezidi." Akapanda ngazi akiuchukia ulimi wake kama mtu aliyemeza nzi anavyomchukia nzi huyo.

Usiniulize ujasiri ulimjia kutoka wapi baada ya hapo, kwani haukuwa ujasiri hasa. Ulikuwa kinyaa kilichojaa kikamwagika. Alirudi mezani akaandika ule ukurasa kwa mkupuo mmoja. Juu aliacha kichwa kilekile, Pole na Kazi, na picha ileile ya Kimie akiwa na kofia ya kiwandani. Chini yake akaandika hivi:

*Mimi ni Kimie Sonoda. Sijaacha kazi, wala sina nia ya kuacha. Tangu mwezi wa kumi na moja nimewekwa katika chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya pili, nanakili kanuni za kampuni kwa mkono. Kila jioni naletewa fomu ya kuomba kuondoka. Kila jioni naikataa. Wanaonisalimu nawashukuru. Wasionisalimu nawaelewa.*

Alijua jambo moja ambalo mtu wa nje asingeliamini. Kila ukurasa wa jarida ulizungushwa kwa wakubwa saba pamoja na karatasi yenye vyumba saba vya mihuri, na hakuna hata mmoja kati ya saba hao aliyewahi kusoma. Walichoangalia ni mihuri. Pale Hoshikubo, muhuri wa jina la mdogo hugongwa umeinama kidogo kushoto, kuuelekea muhuri wa mkubwa wake, ili jina lenyewe lionekane linapiga magoti. Karani huinama sana, mkuu wa idara huinama kiasi, na muhuri wa rais husimama wima mwishoni kama mwenye nyumba. Wazee wazima, wenye wajukuu, walipindisha viganja kwa uangalifu wa mtu anayetoa mwiba, wakaigonga karatasi, wakaipitisha.

Siku ya tatu ukurasa ulirudishwa kwenye meza yake. Amegundulika! Akafungua bahasha, akakuta kijikaratasi chenye mwandiko wa Munakata: *Muhuri wa mkuu wa uzalishaji umesimama wima mno. Urudiwe.*

Mkuu wa uzalishaji akaletewa karatasi nyingine, akainama ipasavyo, na safari hii ilipita mpaka kwa Mzee Hoshikubo. Ijumaa nakala elfu moja na mia nne zikaingia posta.

Jumamosi Chizuru alikaa karibu na simu. Alitarajia Munakata apige akifoka. Alitarajia chama cha wafanyakazi, mtu wa gazeti, mke wa fundi fulani mwenye uchungu. Simu ilikaa kimya kama mawe. Jumapili mchana mama yake, mwenye miaka sabini na minane, aliketi na miguu chini ya meza fupi yenye kipasha joto, kioo cha kukuzia herufi mkononi, na Chemchemi Yetu mbele yake.

"Chizuru, huyu mama anasema hajaacha kazi."

"Umesoma, mama?"

"Si limeandikwa lisomwe? Sasa mbona mmemtia na wanaoondoka? Mtamchanganya."

Katika nakala elfu moja na mia nne, msomaji alikuwa mmoja, na alikuwa mama yake mzazi.

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi watu mia mbili walijipanga kiwandani, wakanyoosha viungo kwa muziki wa redio, wakasema kauli ya kampuni kwa pamoja, midomo ikitoa moshi wa baridi. Chizuru alikuwa ubavuni na kamera, kama kila mara. Alikuwa bado na tumaini dogo la kipumbavu kwamba mtu atapaza sauti. Badala yake wasichana wawili wa idara ya mauzo walimwendea Kimie mbio, shada la maua mikononi.

"Dada Kimie! Pole na kazi kwa miaka yote hii!"

"Umetoka vizuri kwenye picha, hadi unaonekana kijana!"

"Utatukumbuka, eti? Usituringie!"

Fundi mmoja mzee alimsogelea akamshika bega, macho yamelowa kwelikweli. Alikuwa na jarida mfukoni, limekunjwa, ukurasa wa kumi na nne juu. Alikuwa ameona kichwa cha habari, ameona sura, akajua yote anayohitaji kujua. Na angesoma kwa sababu gani? Miaka yote hiyo Chizuru alikuwa amewafundisha watu hawa kwamba chini ya picha hakuna kitu. Walikuwa wamefuzu.

"Mama Sonoda, njoo mbele," Munakata aliita, uso unang'aa. "Tunaomba maneno mawili."

Kimie alikwenda. Alikuwa na maua mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alitoa jarida ndani ya koti, akalifungua, akaanza kusoma kwa ile sauti ya kushindana na mashine. "Mimi ni Kimie Sonoda. Sijaacha kazi, wala sina nia ya kuacha." Alisoma yote. Chumba, kanuni, fomu, kila jioni. Alisoma wanaomsalimu na wasiomsalimu, akakunja jarida.

Halafu mtu mmoja huko nyuma akapiga makofi. Ni kweli, nisingekudanganya. Maneno mawili yakishasemwa hupigwa makofi, na mikono ya yule mtu ilijua hivyo. Wa pembeni yake akafuata, kisha mstari, kisha mistari yote, mikono mia mbili na mia mbili mingine, huku nyuso zikianza kuelewa na mikono ikishindwa kusimama. Munakata naye alipiga mawili matatu kabla masikio yake hayajamfikia. Chizuru alitazama mikono ile yenye glavu ikigongana, akahisi kinyaa kinampanda hadi kwenye meno. Aliye karibu naye aliangalia kushoto na kulia, akashusha mikono yake polepole akaificha nyuma.

"Upuuzi gani huu?" Munakata alifoka. "Nani ameandika?"

"Umepitishwa?" Mzee Hoshikubo aliuliza kwa sauti ndogo. Hakuna aliyetaka kumwambia muhuri wa mwisho ulikuwa wa nani.

"Hata mimi nauliza nani ameandika," Kimie alisema. "Kwa sababu mimi sikuandika."

Alikuwa anamtazama Chizuru. Wote wakageuka kumtazama, pamoja na kamera yake shingoni.

"Kila neno ni kweli," Kimie aliendelea, wala hakuwa anapaza sauti tena. "Ila sikulisema. Ulisimama mlangoni kwangu, mguu ndani mguu nje, ukaniambia nile vizuri. Ungeniuliza, mwenzangu! Ningekwambia uandike zaidi. Ningekwambia na jina la aliyenimwagia chai juu ya karatasi zangu. Umeogopa, ukanichukua mimi ukanitanguliza. Huyu Munakata alitaka kunisemea asante, wewe umenisemea hapana. Mimi mdomo wangu mmeuona umeziba?"

Chizuru alitaka kueleza kwamba alifanya hivyo kwa ajili yake. Alisikia jinsi sentensi hiyo ilivyonuka kabla hata haijatoka.

"Ni mimi niliyeandika," alisema. "Sikumwuliza."

Kimie akamwekea Munakata maua mikononi kama mtu anayerudisha sahani chafu. "Saa ya kazi imefika," alisema, akapita katikati ya mistari kwenda ngazini, na hakuna aliyejua sheria gani ingemzuia.

Chizuru hakufukuzwa; huo ungekuwa ni utaratibu ulio wazi mno. Jumatano ilibandikwa taarifa kwamba Bi Hirabayashi amepewa majukumu mapya ya kuenzi kanuni za kampuni. Aliisoma ubaoni. Ilikuwa imeandikwa vizuri, laini, haina mfupa, na mwandishi mpya alikuwa amejifunza yote hayo kwake. Alibeba kisanduku chake cha kalamu hadi chumba cha mwisho ghorofa ya pili, ambamo walikuwa wameongeza meza moja na kiti kimoja. Kimie aliinua macho, akayarudisha kwenye karatasi. Chizuru alinakili hadi kifungu cha kumi na saba, na mara mbili alijikuta anakirekebisha lugha.

Saa kumi na moja jioni Munakata aliingia na harufu yake, fomu mbili mkononi na kalamu mbili. Aliweka moja mbele ya Kimie.

"Hapana," Kimie alisema, bila kuinua kichwa.

Munakata akaweka ya pili mbele ya Chizuru, akasubiri, akinyonya jino. Chizuru alimtazama Kimie. Kimie alikuwa ameacha kuandika, kalamu iko hewani, lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa, na ilionekana wazi kwamba hata paa ianguke hautafunguka kwa ajili ya mtu mwingine. Figili zilinuka. Fomu ilikuwa imeandikwa kwa lugha nzuri sana. Chizuru aliitambua, kwa kuwa aliitunga yeye mwenyewe miaka minane iliyopita.

"Hapana," alisema, sauti ikatoka nyembamba na yenye mikwaruzo, ikambidi arudie.